Majilio yanakaribia, na aliyesomwa jina hajarudi jumuiyani

Tumsifu Yesu Kristo, Mama.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, naishi pembezoni mwa jiji la Mbeya. Mwezi wa nane wanajumuiya wenzangu walinichagua kuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikatoliki. Sikuomba nafasi hiyo, ila walipoinua mikono sikuweza kukataa. Tuna kaya 19. Tunasali kila Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba.

Kinachoninyima usingizi ni Majilio, yale majuma manne ya kungoja Krismasi. Mwaka jana Jumamosi ya kwanza tulikuwa watu 14. Ya pili tukawa tisa. Ya nne tulikuwa mimi, mzee mmoja mstaafu, na watoto wawili wa mwenye nyumba walioamshwa ili tusionekane wachache. Lakini jioni ya kikao cha michango ya sikukuu nyumba haikutosha, wengine walikaa hadi barazani.

Jioni hiyo siisahau. Umeme ulikuwa umekatika. Mweka hazina akafungua daftari akaanza kusoma waliotoa na ambao bado. Kiwango kilikuwa shilingi 15,000 kwa kaya. Kuna mama mmoja mjane anayeuza mboga sokoni. Jina lake likasomwa: bado. Kwenye mchango wa ujenzi likasomwa tena: bado. Mara ya tatu watu wakacheka. Nadhani hawakumcheka yeye, walichekea jinsi mweka hazina alivyolivuta lile neno "bado". Yule mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Akakaza kanga yake kiunoni, akamshika mwanawe mkono, akatoka. Hakusema kitu. Mama, mimi ndiye niliyekuwa nimeshika simu, namulikia daftari.

Tangu siku ile hajarudi. Kanisani namwona misa ya kwanza, benchi la nyuma kabisa, na baraka ya mwisho ikitolewa ameshaondoka.

Viongozi wenzangu wanasema tusiposoma majina watu hawatoi, na mwaka huu kiwango kimepanda. Tena mvua zimeanza. Saa 12 na nusu asubuhi mtu yuko shambani anapanda mahindi, siwezi kumlaumu. Nilipomuuliza katekista tufanye nini ili watu waone kuwa hiki ni kipindi kitakatifu, alinijibu "salini tu". Tunasalije? Miaka yote ni rozari, nyimbo mbili, matangazo, halafu michango.

La mwisho. Jirani yetu mmoja ni Mmoravian, Mprotestanti. Tunaposali nyumba iliyo jirani na kwake, yeye huimba pamoja nasi akiwa upande wake wa uzio. Ameniuliza kama anaweza kuja kusali nasi Majilio haya. Mzee mmoja amesema jumuiya ni ya Wakatoliki tu. Nimjibu nini?

Majilio ya mwaka huu wa 2025 yanaanza tarehe 30 Novemba. Natamani mwaka huu tusali kweli. Nianzie wapi?

Mwenyekiti mpya, Mbeya

*

Milele amina, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nasimama pale kwenye simu. Ungeweza kuniandikia yote bila kutaja nani alikuwa anamulika, wala nisingejua. Umetaja. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu ambaye tayari anajua aanzie wapi, ila anahitaji kusukumwa kidogo.

Anzia kwa yule mama. Kabla ya ratiba, kabla ya mishumaa, kabla ya kuitisha kikao cha viongozi.

Nitakuambia kwa nini nina uhakika. Na mimi niliwahi kusomwa jina. Ni mwaka ambao mume wangu alipoteza kazi, na nyumbani tulikuwa tunahesabu hata viberiti. Niliacha kwenda jumuiya kwa miezi saba. Walinitumia ujumbe kwa watoto, wakaja wajumbe wawili na daftari lao, nikawajibu kwa adabu na nikabaki nyumbani. Aliyenirudisha ni bibi mmoja wa jumuiya yetu. Alikuja mchana nikiwa nimekaa uani nachambua maharage. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, akaingiza mkono kwenye ungo akaanza kuchambua na mimi. Tulimaliza ungo mzima hajataja kanisa. Alipoinuka akasema, "Siku ile nilinyamaza, na sikupaswa kunyamaza. Nisamehe." Akaenda zake. Jumamosi iliyofuata nilikwenda mwenyewe.

Nenda hivyo hivyo, mwanangu. Nenda peke yako, usiende na ujumbe, maana watu watatu wenye rozari mkononi wakiingia kwa mtu aliyeaibishwa anajua amekuja kushtakiwa. Usibebe bahasha. Beba unachobeba ukienda kwa jirani yoyote, mahindi mabichi au ndizi, na kama huna, enda na mikono yako tu. Mwambie ulichoniambia mimi, kwamba wewe ndiye uliyeshika taa. Usimweleze kuwa waliocheka hawakumcheka yeye. Huenda ni kweli, lakini huo ni utetezi, na yeye anadaiwa msamaha. Akikaa kimya, kaa naye. Akilia au akikusema, pokea.

Usimwalike siku hiyo. Rudi siku nyingine, na safari hiyo umwombe kitu: umwombe nyumba yake kwa sala ya Jumamosi, tarehe 6 Desemba, mkesha wa Dominika ya pili ya Majilio. Najua utaona ni kumbebesha mzigo. Lakini mtu aliyetolewa mlangoni hatibiwi kwa kuambiwa "karibu", maana anayeambiwa karibu bado ni mgeni. Anatibiwa pale wengine wanapovua viatu mlangoni kwake. Na masomo ya Dominika hiyo ya pili, kwa kuwa tunaingia Mwaka A, wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo, yana barua ya Paulo kwa Warumi sura ya 15, palipoandikwa: "mkaribishane, kama naye Kristo alivyotukaribisha." Mkae sebuleni kwake, kuwe kudogo kiasi gani, mlisome neno hilo mkiwa mmebanana.

Ila kuna jambo dogo mnalopaswa kulipitisha kabla, na kwa maoni yangu ndilo linalofunga milango mingi kuliko ukosefu wa imani. Chai. Katika jumuiya nyingi mtu anakataa sala isije kwake kwa sababu hana viti kumi wala sukari ya watu ishirini. Pitisheni kwamba Majilio haya hakuna mwenye nyumba anayepika, tajiri wala maskini. Anayeweza kubeba kigoda abebe, mkeka upitishwe nyumba kwa nyumba. Ni kipindi cha kujizuia kidogo, hakuna atakayeona ajabu.

Sasa fedha. Sitasema mchango ni mbaya, maana kanisa letu linajengwa na mikono yetu wenyewe na huo ni ukomavu. Ubaya ni kuuweka ndani ya sala na kuutangaza kwa majina. Maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki walio katika AMECEA, umoja wa mabaraza yao ya maaskofu, walipokutana Nairobi mwaka 1976 wakaweka ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo mbele ya kazi nyingine, walitaka Mkristo awe na watu wanaomjua kwa jina, wanaosoma Neno naye, wanaojua kama jana alilala njaa. Jina la mtu ndilo wanajumuiya wenzake wanaloshika kwa niaba ya Kristo. Lisisomwe kama deni.

Kwa hiyo waambie viongozi wenzako: Jumamosi nne za Majilio daftari linabaki kwa mweka hazina. Apokee Jumapili baada ya misa, au mtu ampelekee kwake, mkono kwa mkono. Wewe nenda kwa paroko kabla Majilio hayajaanza umweleze ni kaya ngapi kweli haziwezi, bila kutaja majina barazani. Wakikuambia bila kusoma majina watu hawatoi, wasomee 2 Wakorintho 9:7, kwamba kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala kwa lazima. Inawezekana mwaka huu zikapungua kweli. Kubali hilo mapema, ili zikipungua usiyumbe.

Umeuliza msalije. Hapo nina mengi, maana nakipenda kipindi hiki kuliko Krismasi yenyewe.

Wengi tumezoea kuona Majilio kama siku za kuhesabia sikukuu. Kanisa linayagawa sehemu mbili. Kutoka Dominika ya kwanza hadi tarehe 16 Desemba masomo yanatuelekeza zaidi kwenye ujio wa Kristo siku ya mwisho, ndiyo maana Injili ya kwanza mtakayoisikia ni ya Mathayo 24, ile ya kukesha, yenye habari za Nuhu na gharika. Kuanzia tarehe 17 ndipo macho yanageuka Bethlehemu. Mkijua hilo hamtaona ajabu kwamba Jumamosi ya kwanza hakuna hori wala wachungaji. Mwaka huu Dominika ya kwanza imeangukia tarehe 30 Novemba yenyewe, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, siku ambayo Dominika ya kwanza ya Majilio hutafutwa jirani yake kila mwaka.

Badilisheni saa. Msimu wa kupanda sala ya alfajiri ni ya wastaafu na wenye mishahara. Salini jioni, watu wakishatoka shamba na kunawa miguu, dakika 40 zisizidi. Na mchana, popote mtu alipo, saa 6 ikifika asimamishe jembe asali sala ya Malaika wa Bwana. Mkikubaliana kaya zote 19, hata aliye kwenye shamba la mbali atajua kwamba saa ile wenzake wote wamesimama.

Someni Injili ya Dominika inayofuata kwa zile hatua saba zilizotoka Lumko, kituo cha mafunzo ya kichungaji kule Afrika Kusini, ambazo parokia nyingi zetu zinazijua ila zinazikimbiza. Mnamkaribisha Bwana, mnasoma, kila mtu anataja neno lililomgusa bila kulieleza, mnanyamaza, mnashirikishana, mnaulizana Bwana anataka tufanye nini wiki hii, mnamaliza kwa sala. Mbili kati ya hizo ndizo huwa tunaziruka. Kimya tunakiogopa. Dakika tatu tu mtu anaanzisha wimbo. Msimruhusu. Mbeya wakati huo mvua itakuwa inapiga bati, acheni ipige. Na ile hatua ya sita, ya kuulizana tufanye nini, ndiyo inayoifanya sala iwe ya jumuiya. Itoke na jambo moja lenye jina na siku: nani anakwenda kumwona mgonjwa yupi, Jumatatu au Jumanne.

Dominika ya tatu, tarehe 14 Desemba, msiipitie haraka. Somo la pili ni la Yakobo sura ya 5: mkulima hungoja mazao ya nchi, huvumilia hata yatakapopata mvua ya kwanza na ya mwisho. Jumamosi ile, tarehe 13, aliye na mbegu zilizobaki alete konzi moja. Wengine mtakuwa mmeanza kupalilia, wengine bado mnatazama mawingu. Wekeni mbegu hizo katikati, kisha mwenyekiti anyamaze, katekista naye anyamaze, waacheni wakulima waseme kungoja ni nini. Mtu ambaye mvua ilimkatikia mwezi wa pili mahindi yakiwa yanatoa mbelewele ana Majilio ya kutufundisha sisi tunaosoma vitabu. Na mstari unaofuata mbele kidogo, Yakobo anasema, "msinung'unikiane". Lisomeni na hilo, lisirukwe.

Kuhusu jirani yako Mmoravian, mwambie karibu, tena leo. Ekaristi ina utaratibu wake kwenu na hata yeye anaujua, lakini hapa tunazungumzia watu wanaosoma Neno na kuimba nyumbani. Mkumbushe yule mzee, kwa heshima yake, kwamba Wamoravian wako Rungwe tangu 1891, hapo hapo mkoani kwenu, wakiimba nyimbo za kumngoja Bwana. Na kama mtaweka taji la Majilio, lile duara la majani mabichi lenye mishumaa minne, asili yake ni Mlutheri mmoja, Johann Hinrich Wichern, aliyeweka gurudumu lenye mishumaa mingi zaidi mwaka 1839 katika kituo alichokuwa anawalea watoto maskini huko Hamburg, watoto waliokuwa wakimuuliza kila siku Krismasi ni lini. Sisi Wakatoliki tulilipokea baadaye. Basi kama taji la Waprotestanti limeingia kwetu, jirani ataingiaje kuwa shida?

Taji lenyewe lisiwasumbue. Matawi yoyote mabichi yaliyo karibu, mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi kwa Dominika ya tatu. Ikikosekana dukani, mishumaa minne myeupe ya kawaida kwenye vikopo vya mchanga inatosha. Jumamosi ya kwanza mnawasha mmoja, ya pili miwili, na taji linahama nyumba kwa nyumba likibebwa na mtoto. Wale watoto wawili walioamshwa mwaka jana wapeni kazi hiyo. Wewe uliona aibu kwamba walitolewa kitandani kujaza nafasi. Mimi nasema ndio waliobaki hadi Jumamosi ya nne, waheshimuni. Wakiuliza kwa nini Utukufu hauimbwi kanisani Dominika hizi, waambie ni wimbo wa malaika wa usiku wa Bethlehemu, tunautunza mpaka usiku ule.

Kisha kuna siku saba, 17 hadi 23 Desemba. Kila jioni Kanisa, katika Masifu ya Jioni, kabla ya wimbo wa Bikira Maria, linamwita Kristo kwa jina moja: Hekima, Adonai, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa Mataifa, Emanueli. Ni wito wa kale sana, na kila mmoja unaishia kwa ombi: njoo. Chagueni nyumba saba, jioni saba, dakika 15 tu. Taja jina la siku hiyo, someni wimbo wa Maria katika Luka 1, kisha kila anayetaka amwombe Bwana aje mahali fulani katika maisha yake. Siku ya Ufunguo wa Daudi, tarehe 20, itakuwa Jumamosi. Nyumba ya siku hiyo iwe yenye mgonjwa asiyetoka ndani, au yenye kijana aliye rumande. Mwombeni mwenye ufunguo afungue. Na muulize paroko mapema ratiba ya maungamo, maana wiki ya mwisho foleni inakuwa ndefu na watu wanakata tamaa wanarudi.

Itawezekana wakaja wachache tena. Wakiwa watano, salini na watano hao, kimya ni kile kile na Neno ni lile lile. Usihesabu vichwa mbele yao kama nilivyoona unahesabu kwenye barua.

Najua baada ya kusoma haya yote utatamani kuandika ratiba kwanza. Acha kalamu. Yule mama anatoka sokoni saa ngapi? Ulizia, umpe nafasi atue beseni na anywe maji, halafu ugonge hodi.